MGB GT ya 1972: paneli za milango zimeoza, nizifufue hizi hizi au nikate mpya?

Bahari_ya_Tudor (Mombasa)

Assalaam aleikum wandugu, na wengine wote habari za jioni. Nina gari la marehemu baba, MGB GT ya 1972, lile gari dogo la michezo la Kiingereza, namba ya chesesi inaanza na GHD5, nje bluu, ndani ile kahawia ya majani makavu ambayo Waingereza wenyewe waliiita Autumn Leaf. Limelala chini ya mkungu hapa nyumbani miaka kumi na moja na turubai juu, na mwaka huu nimeamua nalirudisha barabarani inshallah. Injini haijanisumbua, ni ile ya 1798cc, nimemwaga mafuta yote nikasafisha kabureta zote mbili nikabadilisha plagi, siku ya tatu ikawaka. Breki zinaendelea. Kinachoninyima usingizi ni milango kwa ndani.

Paneli ya upande wa dereva imebetuka kama ng'onda. Kuanzia chini kwenda juu kama inchi nne hadibodi (ule ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizokandamizwa) imelainika, ukiibonyeza kwa kidole inatoka unga unga kama mkate uliorowa chai, matundu ya klipu za chini yote yamekatika kwa hio paneli inaning'inia kwa zile za juu tu na gari likisogea inagonga. Reksini juu haijachanika lakini imekuwa ngumu, imejivuta, pembe mbili zimeachia kabisa. Upande wa abiria ni afadhali sana, imeinuka kidogo pale chini, ukikaa ndani ya gari huwezi hata kuona.

Nimempata fundi wa siti hapa mjini akaniambia tupa zote, atanikatia plaiwudi ya milimita sita, atavika leza nyeusi yenye mishono ya almasi kama magari ya siku hizi, siku mbili kazi imekwisha. Bei yake nzuri. Lakini moyo umekataa, kwa sababu nilipoitoa ile ya upande wa abiria nikakuta nyuma kwenye hadibodi baba kaandika kwa penseli, hati yake ile ya kulala, "kioo grisi 12/84". Nilikaa nayo mapajani pale barazani mpaka adhana ya magharibi.

Kwa hio naomba msaada. Hadibodi iliyolowa hivi inafufulika? Kama haifufuliki nikate kwa kitu gani? Na gundi gani itashika kwa joto la huku, maana hapa gari likikaa juani saa sita huwezi kugusa usukani.

Kirinyaga_Rd (Nairobi)

Boss hiyo milimita sita usikubali hata kwa bure. Hadibodi ya MGB ni kama milimita tatu, ukiweka sita hendeli ya kupandishia kioo haikai vizuri kwenye mti wake, klipu hazifiki kwenye matundu ya mlango, alafu mlango ukifungwa paneli inasugua kando ya siti. Niliona moja imefanywa hivyo, mwenyewe akaishia kuipigilia na skrubu nane za mbao kupita juu ya reksini. Uchungu tu. Ngoja mafundi wa siti wenyewe waje.

Fundi_Siti_Gerezani (Dar es Salaam)

Mkuu pole sana na mzee, Mungu amlaze mahali pema. Kabla hujanunua hata mita moja ya reksini nataka unijibu kitu kimoja. Gari ni moja, mkungu ni mmoja, turubai moja, miaka kumi na moja ile ile. Kwa nini mlango mmoja umeoza na mwingine umeinuka kidogo tu?

Mimi nafanya kazi hii tangu niko kijana na wateja wengi wanaleta paneli mkononi wakati gari limebaki nyumbani, wanasema fundi nivikie. Namwambia niletee mlango nione. Paneli haiozi kwa mvua inayoingia dirishani ukaiona, hiyo unaifuta. Inaoza kwa maji usiyoyaona. Mlango wa gari, wowote ule, umetengenezwa ukijua kwamba maji yataingia ndani yake. Mvua ikipiga kioo inateremka, mpira wa nje unazuia mengi lakini sio yote, yanayopita yanashuka ndani ya mlango mpaka chini kwenye matundu ya kutolea maji, yanatoka. Hayo ndio maisha yake ya kila siku. Kati ya maji hayo na hadibodi yako kuna kitu kimoja tu, karatasi ya nailoni inayobandikwa kwenye bati la mlango kuziba yale matundu makubwa. Siku fundi anapofungua kutengeneza kioo akaichana ile nailoni akaitupa chini akarudisha paneli bila hiyo, kuanzia hapo paneli inakunywa maji kila mvua.

Kwa hio nenda kaangalie. Kwanza mlango wa abiria, ule mzee aliofungua mwenyewe, kuna nailoni? Alafu mlango wa dereva, kuna nailoni? Na chukua waya mwembamba uchokoe yale matundu ya chini kabisa ya mlango kote kuwili, uniambie yametoka nini.

Bahari_ya_Tudor (Mombasa)

Fundi nilikwenda na tochi usiku ule ule nikashindwa kusubiri asubuhi. Mlango wa abiria una nailoni, nene, rangi ya maziwa imegeuka njano, imebandikwa pembeni kote na kitu cheusi kama lami laini ambacho mpaka leo kinanata kidoleni, na pale chini ncha ya nailoni imeingizwa ndani ya mlango, haikuachwa nje. Mlango wa dereva hamna. Kuna alama ya ile lami tu inazunguka na vipande viwili vidogo vya nailoni vimebaki juu kwenye pembe.

Nikakumbuka. Mwaka kabla baba hajafariki kioo cha dereva kiligoma kupanda akalipeleka gari kwa fundi mmoja, yeye mwenyewe hakuwa na nguvu tena za kuinama.

Matundu ya chini: upande wa abiria waya umepita moja kwa moja. Upande wa dereva nimetoa udongo mweusi na majani ya mkungu yaliyosagika ujazo wa kikombe cha kahawa, alafu yakatoka maji. Maji, na hapa haijanyesha wiki mbili.

Asubuhi nimefanya na jaribio lingine, mlango wa dereva ukiwa wazi bila paneli nikamwagia kioo maji kwa kopo taratibu. Yanateremka kwenye kioo, yanafika kwenye ule mkono wa chuma unaopandisha kioo, yanaufuata ule mkono mpaka kwenye kona yake na pale yanadondoka nje ya bati, tone tone, mahali pale pale hadibodi ilipoanza kuoza. Nimekaa naangalia yale matone nikaona miaka kumi na moja yote.

Fundi_Siti_Gerezani (Dar es Salaam)

Basi mkuu mzee wako alishakujibu swali lako tangu 1984. Alirudisha nailoni na ncha ya chini akaiingiza ndani ya mlango ili maji yarudi ndani, huyo alikuwa mtu anayefanya kazi yake mpaka mwisho.

Sasa twende kazini. Ya abiria usiitupe, inapona. Ichukue iliyobetuka kidogo, upande uliobonyea ufute na kitambaa chenye maji, uwe na unyevu tu sio kulowa, ilaze juu ya meza iliyonyooka, juu weka ubao na mawe au betri za gari, iache kivulini siku nne tano mpaka ikauke kabisa. Haitarudi kama rula lakini klipu zitamaliza kazi iliyobaki. Ikishakauka ukingo wa chini uloweshe na gundi ya mbao ya maji iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ipake kwa brashi mpaka hadibodi ikatae kunywa, ikikauka inakuwa ngumu kama mfupa. Nyuma yote piga vanishi. Pale kwenye maandishi ya mzee jaribu tone moja kwanza pembeni, penseli huwa haiyeyuki na vanishi kama wino lakini usisugue brashi, ipitishe mara moja tu.

Ya dereva hiyo haiponi, hadibodi ikishafika kuwa unga nyuzi zake zimeachana, hamna gundi ya kuzirudisha. Lakini usiitupe mpaka mpya iwe mlangoni, hiyo ndio ramani yako. Reksini ibandue taratibu, iweke juani nusu saa kwanza ilainike, anzia nyuma pale ilipokunjwa. Alafu laza hadibodi ya zamani juu ya plaiwudi ya milimita tatu, ile ya boti, huko Mombasa hukosi, ichore kwa penseli iliyochongwa vizuri. Sehemu iliyooza haina umbo tena kwa hio chukua ile ya abiria uigeuze, milango ni kama viganja vya mikono, kimoja ni kivuli cha kingine, chora sehemu ya chini kutoka kwake. Matundu ya klipu toboa baada ya kujaribisha mlangoni sio kabla, tundu likikosea kwa milimita tatu klipu itaingia kwa nguvu na siku utakayoitoa itang'oka na ubao.

Ukishakata, piga msasa kingo zote, vanishi mikono miwili mbele, nyuma, na zaidi kwenye kingo na ndani ya kila tundu. Watu wanapaka uso wanasahau ukingo, na plaiwudi inakunywa maji kwa ukingo kama utambi wa taa.

Gundi: chukua gundi ya kontakti ile ya kuhimili joto, muulize muuzaji ya kubandikia paa za magari kwa ndani, usichukue ile ya kawaida ya viatu, kwa joto la pwani itaachia ndani ya msimu mmoja wa kaskazi. Paka pande zote mbili, subiri mpaka ukigusa kwa mgongo wa kidole isinate, ndio ukutanishe. Ukiwahi mvuke unabaki ndani unafanya malengelenge. Reksini ikunje nyuma sentimita mbili, pembe za nje kata vipande vya V visifike ukingo, pale paneli inapoingia ndani pasua mistari midogo ili ilale. Stepla usitumie kabisa, pini fupi za dukani zina milimita nne na ubao wako una tatu, piga hesabu mwenyewe zitatokea wapi.

Na nailoni kabla ya vyote. Nunua ile nene ya wajenzi, lami laini ya kubandikia ipo kwenye maduka ya vioo vya magari. Ncha ya chini ndani ya mlango, kama mzee.

Mswahili_Oxford (Uingereza)

Kaka Bahari hongera kwa uamuzi, usiruhusu almasi ziingie humo. Mimi nakaa mwendo mfupi tu kutoka Abingdon, pale kiwandani zilipotengenezwa MGB tangu 1962 mpaka kiwanda kilipofungwa Oktoba 1980, na hapa mitaani bado zinaonekana, GT zaidi kwa sababu ya paa, maana mvua za huku unazijua. Roadster, ile ya wazi isiyo na paa la bati, ilitangulia, GT ikaja 1965, ile mistari ya paa lake Pininfarina wa Italia walishika mkono.

Nina mambo matatu. Kwanza paneli zilizo tayari zinauzwa huku, Moss, wauzaji wa vipuri vya magari haya, wanazo na wengine, zimeshavikwa, unachagua mwaka na rangi. Ukiwa na mtu anakuja nyumbani mpe, zinaingia bapa kwenye sanduku. Nyingi bado ni hadibodi kwa hio maneno ya Fundi wa Gerezani kuhusu nailoni na vanishi nyuma yanabaki pale pale, nilifunga mpya kwenye gari langu bila kuzipiga kitu nyuma, baridi mbili tu ukingo ukaanza kuvimba. Ukichagua mwaka usikosee, paneli za miaka ya 60 zina mpangilio tofauti na za kuanzia 1970 na matundu hayalingani.

Pili, kama unataka uhakika wa rangi ya ndani, British Motor Museum kule Gaydon wanatunza daftari za kiwanda, unatuma namba ya chesesi na uthibitisho kwamba gari ni lako, unalipia, wanakupa cheti kinachosema lilitoka kiwandani lini, rangi gani nje na ndani. Kwa gari la mzazi mimi ningekichukua hata kama sina shida na rangi.

Tatu na hili ni muhimu, wakati paneli ziko nje angalia bati la mlango kwa juu upande wa nje, pale kile kioo kidogo cha pembe tatu kinapoishia. MGB zina ugonjwa wa kupata ufa hapo, unaanza juu unashuka kama unywele. Angalia kwa kucha, sio kwa macho, rangi inaweza kuuficha. Ukiupata ni wakati huu wa kuushughulikia kabla hujafunga vitu vizuri juu yake, maana kuchomelea kunataka kila kitu kitoke.

Dada_Cherehani (Nairobi)

Kaka naomba niongeze kwenye reksini kwa sababu mimi ndio kazi yangu, siti na paneli, miaka kumi na mbili. Ile mistari unayoiona kwenye paneli za miaka ya 70 haikushonwa, ilikandamizwa kwa joto kiwandani, reksini na sponji nyembamba vikashikana pamoja. Huku kwetu hamna mashine hiyo kwa hio fundi atakwambia nikushonee, itafanana. Ukiwa mbali inafanana. Lakini kila tundu la sindano ni mlango wa maji na vumbi, na uzi juani unachoka kabla ya reksini, kwa hio kama lazima kushona basi uzi wa polista mnene, hatua ndefu ya milimita nne hivi, na nyuma ya mshono upitishe gundi kidogo kuziba.

Lakini swali langu, reksini ya dereva umesema haijachanika, si ndio? Mbona tunataka kuiua? Reksini ya zamani inakuwa ngumu kwa sababu ile kitu inayoilainisha imetoka na jua, hairudi, lakini ngumu sio mbovu. Ioshe na sabuni ya maji na brashi laini ya meno kwenye kila mstari, suuza, ikauke, alafu futa na spiriti. Kama imewahi kupakwa yale mafuta ya kung'arisha dashibodi osha mara tatu, silikoni ikibaki hata kidogo gundi na rangi havishiki. Ivute ukiwa umeipasha juani au na draya ya nywele, haraka hapana, pasha vuta, pasha vuta. Ikiwa imejivuta sana na haifiki kukunjwa sentimita mbili, ishonee nyuma ukanda wa kitambaa cha turubai pembeni kote, huo ndio unaukunja na kuugundisha, mbele hauonekani. Nimefanya hivyo kwa gari moja ambalo mwenyewe alilipeleka Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale Ngong Racecourse, majaji walifungua mlango wakaangalia, hakuna aliyeuona ukanda. Rangi ikiwa imepauka kuna rangi ya reksini ya kupuliza, mikono myembamba sana minne ni bora kuliko miwili minene ambayo itapasuka kwenye mistari.

Ukifanya hivyo ndani ya gari litabaki na reksini yake ile ile, ngozi ya zamani juu ya mfupa mpya.

Bahari_ya_Tudor (Mombasa)

Ndugu zangu na dada yangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilikuwa kazini na mikono yangu. Wiki tatu sasa.

Nailoni imeingia milango yote miwili. Ile ya baba nimeiacha, nimeongeza lami pembeni tu pale ilipokuwa imeachia. Ya dereva nimekata mpya kwa kuifuata ya kwake, na nikamwagia kioo maji tena kwa lile lile kopo, tone lilikuja kwenye kona ya ule mkono wa chuma likaangukia kwenye nailoni likateremka likarudi ndani ya mlango, na chini likatokea kwenye tundu. Nimerudia mara nne. Mke wangu alikuja kuuliza kama kuna kitu kimeharibika.

Plaiwudi nimepata Shimanzi, tatu kamili, nimeijaribu mlangoni mara sita kabla ya kutoboa tundu la kwanza. Vanishi imekauka. Reksini nimeipandisha na ukanda wa turubai kama Dada Cherehani alivyonielekeza, upande wa juu ilifika vizuri, chini ilikataa kabisa siku ya kwanza, nikaiacha juani na mawe juu mpaka saa tisa ndio ikakubali. Kuna mkunjo mdogo pembe ya nyuma kama urefu wa punje ya mchele. Naujua upo na nitaurudia.

Paneli ya abiria siku ya tano chini ya betri mbili ilikuwa imenyooka vya kutosha. Vanishi nimepiga nyuma yote isipokuwa kiganja kimoja kuzunguka yale maandishi, pale nimeogopa, kwa hio nimebandika kipande kidogo cha nailoni juu yake kwa lami pembeni tu, yanasomeka.

Kaka wa Oxford, nimepitisha kucha kama ulivyosema. Dereva hamna kitu. Abiria kucha imenasa, ufa kama nusu inchi, chini ya rangi, nisingeuona maisha. Kwa hio mlango huo siufungi bado. Anayemjua mtu mwenye mkono mzuri wa kuchomelea bati jembamba huku Changamwe au Shimanzi, asiyechoma likajikunja, naomba anielekeze, na kama kuna aliyewahi kuziba ufa huu bila kuuona ukirudi aniambie alifanyaje kule mwisho wake, alitoboa tundu dogo kwanza kuuzuia usiendelee au alichomelea moja kwa moja?